Mahali pa Goti

Chukudu yangu niliiuza kwa bei ya kuni.
Miaka kumi na mmoja ya kabichi za Kibumba,
makala, viazi, mchanga wa nyumba za watu,
na usiku mmoja mama wa Kibati, uchungu umemshika,
akinitukana kwa kila jiwe hadi hospitali:
yote juu ya ubao mmoja wa mkaratusi.
Gurudumu la mbele likapasuka mteremkoni, nikasema basi.

Fundi Ndoole wa Majengo hakuuliza habari ya gurudumu.
Aliinama, akagonga ubao kwa kifundo cha kidole,
akatega sikio
kama abishaye hodi nyumba anayojua wenyewe wamo.
"Umekauka," akasema. "Mti wa violoni
hungojwa kivulini miaka kumi.
Mjini hapa nani ana miaka kumi?
Wewe umeningojea bila kujua."
Nikahesabu pesa zangu mara mbili. Nilidhani anaumwa.

Karakana yake ni ukuta wa mawe ya volkano na turubai.
Kifua cha chombo alikitoa kwenye mzinga,
wa nyuki, nasema, wa kule Masisi;
nyuki wenyewe waliuhama
waliposikia mizinga ile mingine.
Nta aliikwangua siku tatu kwa kipande cha chupa.
Nyuzi ni kebo ya breki ya pikipiki, kaifumua.
Upinde hauna singa za farasi,
farasi sisi tumewaona kwenye kalenda;
una nailoni ya wavuvi wa sambaza
na utomvu wa mpafu, ili ung'ate.

Nikawa napita kila Alhamisi.
Nilitaka kujua kama alinipunja.
Akanionyesha kijiti, chembamba kama kidole cha mtoto,
cha kusimama ndani, kati ya kifua na mgongo.
"Hii ndiyo roho."
Na gundi?
"Roho haigandishwi. Inasimama kwa kubanwa tu.
Ukilegeza, inaanguka.
Ukikaza mno, inatoboa kifua."

Wiki ile ardhi ilipotetemeka usiku na mchana
tulilala nje, na sufuria, na magodoro,
na kila tetemeko Kavugho alikuja mbio
amekumbatia violoni ndani ya kitenge:
"Papa Ndoole, roho imeanguka tena."
Ilikuwa ikigongagonga humo ndani kama punje kwenye kibuyu.
Naye alichukua ubavu wa mwavuli, kaupinda ncha,
akaupenyeza kwenye tundu, ulimi nje,
kama anayetoa mwiba wa samaki kooni mwa mtoto.
Mara ya tisa nikamuuliza
mbona asingoje dunia itulie kwanza.
Akanitazama kwa huruma,
kana kwamba mimi ni mgeni Goma.

Jumamosi ya mazoezi ya kwaya, kule Mabanga,
nilisimama mlangoni, kofia mkononi.
Mwanzo ililia kama gurudumu lisilo na mafuta.
Wanakwaya wakacheka.
Mimi sauti ile naijua, sikucheka.
Kisha Kavugho akashuka kwenye uzi mnene, polepole,
na nikausikia mteremko wa Kibati saa kumi alfajiri,
baridi ikiingia kwenye mikono ya koti,
magunia sita mgongoni mwa mti,
breki yangu ni kisigino,
na mti ukinung'unika chini yangu,
kumbe miaka yote ile ulikuwa ukinung'unika kwa sauti nzuri
na mimi nikiutukana.

Goti likaanza kuuma. La kushoto.

Ndipo nikaona kidevu cha binti kinapolala:
kibonde kidogo, cheusi, laini kama sabuni iliyotumika.
Ndoole hakukichonga kile.
Nilikichimba mimi, safari kwa safari,
mvua na vumbi, goti moja,
kabla yeye hajazaliwa meno.

Nilitaka kumwambia. Nikaacha.
Angefuta kidevu.